Mikono ya Dakika ya Nne

Mikono iliyowaliza watoto wa bibi mmoja wa Kisesa, ile inayomenya karanga kwenye ungo katika dakika ya nne ya video ya msiba wake, haikuwa mikono ya mama yao. Ilikuwa ya mama yangu. Mama yangu yu hai, yuko Misungwi, bado anamenya karanga, na hajui kwamba kuna watu Dar es Salaam na Uingereza wanaoililia mikono yake kama ya maiti. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nimelikwepa vya kutosha, na kwa sababu siku niliyotakiwa kulisema mbele za watu sikulisema.

Mimi ni mhariri wa video. Ofisi yangu ni chumba kimoja Pasiansi, juu ya duka la nyavu. Dirisha linaangalia ziwa, lakini nimeliziba kwa pazia zito ili mwanga usinidanganye rangi kwenye kioo cha kompyuta. Watu hudhani kazi hii ni ya kamera. Kamera ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kukata. Nakata harusi, kipaimara, ibada za shukrani na misiba. Nimekata kwaya zilizoimba vibaya, wachungaji waliohubiri kupita kiasi na mabwana harusi waliosinzia. Mkono wangu hautetemeki.

Zamani mteja alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu, nikampa soda, tukatazama pamoja. Kama alitaka shangazi yake atolewe pale kwenye keki kwa sababu wamegombana, ilimbidi afungue mdomo aniambie, "Naomba umtoe shangazi." Wengi walishindwa. Walikohoa, wakajikuna shingo, wakasema basi mwache, naye ni mtu. Mashangazi wengi wa mji huu walipona kwenye video zangu kwa sababu ya aibu tu.

Siku hizi ni linki. Napandisha video mtandaoni, natuma linki kwenye kundi la familia, kila mmoja anaifungua alipo. Ukiona kitu usichokipenda unasimamisha picha, unaandika, na maneno yako yanabaki yamegandia palepale kwenye sekunde ile. Wote mlio ndani mnayasoma. Nikirekebisha naweka alama ya vema na komenti inafifia. Mkiridhika, kila mmoja anabonyeza kitufe cha kijani cha kuidhinisha, na toleo hilo linafungwa. Ni chombo kizuri. Kinaokoa nauli, kinaokoa siku, na kimeondoa ule usumbufu wa kuonana macho kwa macho na anayekusikia ukisema mtu akatwe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwahi kutumiwa linki.

Kazi ya Kisesa ilianza kwa heri. Bibi alikuwa anatimiza miaka themanini, na watoto wake wakataka filamu fupi ya maisha yake ya kuonyesha kwenye ibada ya shukrani. Watoto waliobaki walikuwa wawili. Wa kwanza, kaka mkubwa, alikuwa mtu mzito Dar es Salaam, wa kufungua vikao na kufunga vikao. Hata akikupigia simu unasikia anasoma ajenda. Wa pili, dada yao, alikuwa Uingereza, na kazi yake huko ilikuwa kutunza wazee wa watu. Kitinda mimba alikuwa amekufa zamani. Alimwacha mke, hana mtoto, katika nyumba aliyoijenga mbele ya nyumba ya mama yake, pale pale uwanjani. Huyo mjane ndiye aliyembadilisha bibi mashuka, akamwosha, akamtafunia nyama meno yalipoisha, kwa miaka kumi na moja. Bibi alimwita mayu, kama mtu anavyomwita mama yake.

Nilikwenda Kisesa siku mbili. Nilipiga picha bibi akiota jua, bibi akioshwa miguu kwenye beseni, bibi akimenya karanga. Siku ya pili bibi aliomba aseme neno. Tulimweka barazani kwenye kiti chake, mjane akiwa amesimama nyuma yake kamshika bega, amefunga kilemba cha njano. Bibi akatazama kamera kwa ukali, kama anatazama mtu mwenye tabia ya kusahau.

"Huyu sikumzaa," akasema. "Lakini ndiye anayeniosha. Nyumba hii ya mbele aliijenga marehemu mwanangu, ni ya mke wake. Nikifa asiguswe. Nasema mbele ya mashine hii nikiwa na akili zangu, msije mkasema bibi alikuwa amechanganyikiwa."

Kisha akaniuliza kama mashine imesikia. Nikamwambia imesikia, bibi. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akaomba uji.

Alikufa kabla sijamaliza kuhariri. Nikarudi Kisesa kupiga mazishi, na filamu ya shukrani ikageuka filamu ya msiba, ya kuonyeshwa siku ya kikao cha kumaliza matanga, ukoo wote ukiwepo. Kikao hicho ndicho kingeamua nani anabaki na nini. Kwa hiyo kila aliyekuwa ndani ya video, na kila aliyekuwa nje yake, angeonekana na watu wale wale ambao siku hiyo hiyo wangegawa nyumba. Hilo nililijua. Sikuwa mtoto.

Kaka mkubwa aliweka utaratibu, maana bila utaratibu alikuwa hajisikii vizuri. Watu saba wa familia waingizwe kwenye linki, na video isihesabiwe imekamilika mpaka wote saba wameidhinisha. "Lazima turidhie kwa pamoja," aliniambia. "Asije mtu kesho akasema hakushirikishwa." Mjane naye alikuwa mmoja wa saba. Kumwacha nje kungeonekana vibaya kwa majirani.

Toleo la kwanza lilipopanda, walilia. Nilikuwa ofisini nikiona herufi za majina yao zikijitokeza moja moja kando ya picha, nami nikajiona mtu muhimu. Dakika ya nne ndiyo iliyowamaliza. Mikono ya kikongwe, karibu kabisa, mishipa imetokeza, maganda ya karanga yakidondoka kwenye ungo. Dada wa Uingereza akaandika, "Mikono ya mama yangu jamani. Mikono iliyonilea." Kaka mkubwa akaandika, "Hapa fundi umetukamata." Wajukuu wakajaza vikopa vyekundu mpaka sekunde ile ikaiva.

Nami nikajua nilichofanya. Picha niliyompiga bibi akimenya karanga ilikuwa na ukungu. Nilikosea kuweka sawa lenzi, na hakukuwa na bibi tena wa kurudia. Wiki chache nyuma nilikuwa nimejaribu lenzi hiyo hiyo Misungwi kwa mama yangu. Karanga ni karanga. Ungo ni ungo. Hata kanga zilikaribiana rangi. Nikasema moyoni, kikongwe aliyelima pamba ana mikono ya kikongwe aliyelima pamba, nani atajua? Nikaipachika. Na kweli, waliozaliwa na yule bibi hawakujua.

Siku mbili baadaye ikaingia komenti ya yule mtu wa saba. Simu ya mjane ilikuwa na ufa katikati na ilionyesha video kwa kukwamakwama, kwa hiyo alikuwa ameitazama vipande vipande. Aliandika mara moja tu katika mradi ule wote, kwenye dakika ya nne, chini ya vile vikopa: "Samahanini. Hii siyo mikono ya mama. Kidole cha shahada cha mama kilipondwa na mchi, kimepinda. Labda fundi amechanganya."

Alimaanisha hivyo hivyo alivyoandika. Hakuwa anamkomoa mtu. Aliyeosha mkono miaka kumi na moja ameona mkono usio wenyewe, akasema. Lakini hebu fikiria waliosoma. Mtu amelia mbele ya ukoo mzima juu ya mikono iliyomlea, halafu anaambiwa na mke wa mdogo wake kwamba mikono hiyo haijui. Linki ilikaa kimya siku nzima. Mimi niliona zile herufi za majina zikija na kuondoka bila neno, kama watu wanaochungulia mlangoni.

Kesho yake dada akaandika, "Tunaomba tuheshimiane wakati wa msiba." Kaka mkubwa akaandika, "Fundi, acha kama ilivyo. Inapendeza." Hakuna aliyeniuliza mikono hiyo ni ya nani. Nadhani hawakutaka kujua, na mimi sikutaka kuulizwa. Niliweka alama ya vema kwenye komenti ya mjane bila kubadilisha kitu, nayo ikafifia. Ukweli ni kwamba nilimchukia siku hiyo. Nilikuwa nimefanya kosa la kijinga, watu sita wamelimeza kwa machozi, na yeye na simu yake mbovu akalitapisha.

Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza. Dada aliandika kwenye dakika ya pili: "Kuna mtu anaonekana mara nyingi kuliko watoto wa marehemu." Hakumtaja. Hakuna aliyemtaja hata mara moja. Alikuwa "huyu," alikuwa "mwenye kilemba cha njano," alikuwa "aliye kushoto." Wao wakiandika, yeye alikuwa mle mle ndani anasoma. Herufi yake ilikuwa inawaka kijani pembeni, maana yake yuko, na wao waliiona kama nilivyoiona mimi.

"Dakika ya tano, mtoe huyu."

"Dakika ya saba, kwenye jeneza, msogeze nje ya picha."

"Dakika ya nane, huo mkono kwenye beseni pia."

Ile ya beseni ilinitia kiburi. Kumtoa mtu kwenye video si kama kumtoa kwenye kiti. Nilikuwa nimevuta picha karibu mpaka ikabaki miguu ya bibi, maji, na mkono mmoja wa mjane unaosugua kisigino. Wakauona. Ilinichukua siku nzima, lakini nilipomaliza bibi alikuwa na miguu kwenye beseni na maji yanacheza yenyewe, kama anaoshwa na malaika. Kaka mkubwa akaweka alama ya dole gumba. Niliitazama alama ile nikafurahi, na sitajifanya sikufurahi.

Kisha ikaja dakika ya kumi na nne, maneno ya barazani. Kaka mkubwa aliandika kwa lugha yake ya kikao: "Sehemu hii iondolewe yote. Hali ya afya ya mzee wetu haikuwa nzuri na haipendezi kumwonyesha hivyo." Bibi alikuwa na akili kuliko sisi sote siku ile. Alikuwa ameniuliza kama mashine imesikia. Niliweka kidole kwenye kibodi, nikakata kutoka salamu yake hadi pale anapoomba uji. Uji niliuacha, ulikuwa unachekesha.

Toleo la mwisho likapanda. Sita waliidhinisha siku hiyo hiyo. Wa saba alikaa kimya. Kwenye kundi la familia kaka mkubwa akaandika, "Amebaki mtu mmoja anatuchelewesha," halafu akanipigia mimi, akasema nimsaidie huyo mtu, huenda simu yake inamsumbua.

Alikuja mwenyewe Pasiansi, mchana. Alipanda ngazi za duka la nyavu polepole, akavua ndala mlangoni ingawa sakafu yangu ilikuwa chafu kuliko ndala zake. Alinipita umri kama miaka kumi na tano.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Poleni na kazi. Wamesema nije nibonyeze."

Nilimpa kile kiti cha plastiki. Soda sikumpa. Nikamwonyesha video kwenye kioo kikubwa, dakika kumi na tisa zote, na yeye akaitazama mikono yake ikiwa imekunjwa mapajani. Kwenye beseni alisogea mbele kidogo. Ilipofika kwenye uji akatabasamu, kisha tabasamu likapotea maana alikumbuka kilichotangulia uji.

"Mimi sipo," akasema.

"Wameomba ifupishwe, dada. Ilikuwa ndefu."

"Na maneno ya mama? Ya barazani?"

Sasa, katika kazi yetu ni kawaida kutoa matoleo mawili ya msiba: fupi kwa ajili ya walio mbali na ya kutazamwa kwenye kikao, na ndefu, yenye kila kitu, kwa ajili ya nyumbani. Kisesa wote wanalijua hilo, kila nyumba iliyozika ina yake ndefu. Yeye alikuwa analifikiria hilo kabla sijafungua mdomo, nilimwona. Ningeweza kumwambia kwamba safari hii hawajaagiza ndefu. Nikasema, "Hayo yapo kwenye ile ndefu."

"Ile ya nyumbani?"

"Ndiyo, ile ya nyumbani."

Akashusha pumzi. Alinieleza, kama mtu anayejitetea, kwamba hakutaka kubishana na shemeji yake mkubwa. Tangu aolewe hajawahi kumjibu, na hataanza mama akiwa bado mbichi kaburini. Kama maneno ya mama yapo salama, hiyo fupi wafanye watakavyo. Nikamsogezea kipanya, nikamwonyesha kitufe cha kijani. Alibonyeza kwa kidole kilichonyooka, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya watu. Kioo kikaandika jina lake, saa na tarehe: ameidhinisha.

Alipokuwa anavaa ndala aligeuka. "Na ile mikono, mdogo wangu? Ni ya nani? Siulizi kwa ubaya."

Kazi ilikuwa imefungwa, nilikuwa mwepesi, na yeye alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa na haki ya kuuliza. Nikacheka, nikamwambia ukweli. "Ya mama yangu, dada. Yuko Misungwi."

Akacheka pia. Mkono mdomoni, mabega yakitikisika. "Kumbe yu mzima! Basi msalimie sana. Mwambie ana mikono mizuri."

Ujumbe wa dada wa Uingereza ulinifikia jioni: kwa kuwa wote wameridhia, nifute picha zote ambazo hazikutumika, ili zisije zikazagaa. Nami nilihitaji nafasi kwenye diski kwa ajili ya kipaimara cha Jumapili. Hiyo ndiyo kawaida yangu: wakishaidhinisha, nasafisha. Folda lile lilikuwa na beseni, na jeneza, na baraza, na kilemba cha njano, na pia zile picha nilizompiga mama yangu, maana nilikuwa nimezitupia humo humo kwa uvivu. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Kikao kilikaa Kisesa baada ya arobaini, asubuhi, uwanjani kati ya zile nyumba mbili. Niliitwa kuja na kioo na spika. Ukoo ulijaa, na mwenyekiti wa kitongoji alialikwa kusikiliza, mzee mmoja mwenye subira na kalamu mbili mfukoni. Kaka mkubwa alikuwa amekuja toka Dar. Dada alikuwa kwenye simu, uso wake umeegemezwa kwenye jagi la maji mezani. Tuliwasha video. Dakika ya nne dada akalia tena, na wanawake wa ukoo wakamfuata. Mjane alikaa kwenye mkeka kando, anatazama ungo.

Ilipofika zamu ya nyumba, kaka mkubwa alisema nyumba ya mbele iko kwenye kiwanja cha baba yao na inarudi kwenye ukoo. Mjane akapiga goti, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama aliacha neno, na neno lile limerekodiwa, lipo kwenye video ndefu ya nyumbani.

"Fundi," mwenyekiti akaniuliza, "video ndefu ipo?"

"Haipo, mzee. Hii ndiyo pekee."

Sikumtazama. Kaka mkubwa akaniomba nifungue ule ukurasa wa kuidhinisha, nikaufungua, na pale kwenye kioo kikubwa, mbele ya ukoo wote, likaonekana jina la mjane na alama ya kijani. Kaka mkubwa akalisoma kwa sauti, na saa, na tarehe. "Kama kulikuwa na neno la mama limeachwa," akasema, "mbona aliidhinisha? Hakuna aliyemlazimisha. Alikwenda kwa miguu yake." Watu wakaguna kwa kukubali. Lilikuwa neno zito, na nililitengeneza mimi.

Nilidhani mjane ameshindwa. Kisha akainuka, akaweka sawa kilemba chake. Alikuwa na akili kuliko nilivyomhesabia.

"Mwenyekiti, mimi sina mengi. Naomba fundi aulizwe kitu kimoja. Ile mikono inayomenya karanga ni ya nani? Alinieleza mwenyewe ofisini kwake. Kama mikono si ya mama, basi video hii imetiwa vitu na imetolewa vitu, nanyi mtajua cha kuamini. Akisema ni ya mama, mimi nitanyamaza."

Ilikuwa ni hilo tu. Neno moja kutoka kwangu, na lile jina lenye alama ya kijani lisingekuwa na uzito tena. Mwenyekiti angeniuliza nini kingine kiliondolewa, na ningelazimika kujibu. Nyumba yake ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu. Nilimtazama mzee wa kitongoji, ameshika kalamu. Nilitazama uso wa dada kwenye jagi, bado una machozi. Nikafikiria kuwaambia watu mia kwamba wamemlilia mama yangu, kwamba mama yangu yuko Misungwi na labda saa hizi anafukuza kuku. Nikasikia kicheko ambacho kingefuata, nikaona Kisesa na Pasiansi nzima wakiniita fundi wa mikono ya bandia. Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyeniahidi kitu. Niliogopa kuchekwa.

"Ni ya marehemu," nikasema.

"Una hakika?" mwenyekiti akauliza.

"Nilipiga mwenyewe."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na nakumbuka nililisema kwa nguvu zaidi. Dada akasema kwenye simu, "Mungu anaona." Mwenyekiti akaandika.

Mjane hakulia wala hakunilaani. Ningependa angenilaani. Alinitazama kama alivyotazama ule ungo kwenye kioo, akaangalia vizuri, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Msalimie mama."

Wale waliosikia walidhani uchungu umemchanganya, anamsalimia marehemu. Bibi mmoja akamshika mkono akamketisha, akamwambia pole. Mimi nilianza kukunja nyaya.

Alipewa mpaka mwisho wa mwezi. Aliondoka kabla, akarudi kwa ndugu zake ndani huko Magu, na nyumba ya mbele ikawekwa magunia ya mpunga. Linki ipo. Dada aliomba nisiizime, na kila ikifika siku ya kifo watu huingia tena kwenye dakika ya nne. Naletewa taarifa kwenye simu yangu, popote nilipo: "Mikono ya mama. Tutaikumbuka daima." Mwaka huu wameongezeka wajukuu ambao hawakuwahi kumwona.

Juzi nilikwenda Misungwi. Mama alikuwa ukumbini na ungo wake. Aliniuliza, kama anavyoniuliza kila nikienda, ile video niliyompiga na karanga iko wapi, maana majirani amewaambia na wanamwona mwongo. Nikasema ilipotea, mama. Akasema, "Basi piga nyingine, mwanangu, mimi bado nipo." Nikasema kamera nimeiacha mjini. Ilikuwa kwenye begi mgongoni kwangu. Alinijazia karanga viganja vyote viwili, nikala nimetazama pembeni. Mchuma janga hula na wa kwao, na wangu hata hajui anakula nini. Aliniuliza kama watu wa kazini kwangu hawajambo, nikasema hawajambo. Zile salamu za Kisesa, mpaka leo sijazifikisha.